Waliokaa Mezani Kwanza

Mchezo ulipokwisha usiku ule, David Wesely aliamini ameuharibu. Ulikuwa mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani. Kikundi chao kilizoea vita vya mezani: sanamu ndogo za askari zinapangwa, umbali unapimwa kwa rula, dadu zinarushwa kujua nani kafa. Wesely, kijana aliyesomea fizikia, alikuwa ameandaa pambano la zama za Napoleon la kuuwania mji wa kubuni wa Kijerumani alioupa jina Braunstein. Ila safari hii hakugawa majeshi peke yake. Mbali na makamanda alitaka mji nao uwe na watu, kwa hiyo mchezaji mmoja akawa meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake ya siri. Waliofika walikuwa wengi kuliko aliowatarajia, karibu 20, na wote ikabidi awatafutie nafasi.

Alipanga kuwaita mmoja mmoja katika chumba cha pembeni, asikilize kila mtu anataka kufanya nini, kisha atoe uamuzi. Waliobaki nje hawakungoja zamu. Walianza kuteta wao kwa wao, kula njama, kuuziana siri, kudanganyana. Wawili wakaja kumwarifu kwamba wamekoseana na sasa wanataka kupigana, mtu na mwenziwe. Kanuni za pambano kama hilo hazikuwapo, ikambidi azitunge pale pale. Saa zikaenda, mambo yakazidi kumponyoka, na majeshi, ambayo ndiyo yaliyowakutanisha, hayakupata hata nafasi ya kupigana.

Wesely aliona mpango uliovunjika. Wachezaji waliona kitu kingine kabisa, wakamfuata wakiuliza mchezo mwingine wa namna ile utakuwa lini.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wengi wanaosimulia habari za michezo ya kuigiza wahusika mezani huanzia kwenye sanduku la Dungeons & Dragons lililouzwa mwaka 1974, kwa sababu sanduku lina tarehe na majina ya waandishi. Mimi naona habari yenyewe inaanza usiku ambao mbunifu alishindwa kulisoma jaribio lake, na watu waliokaa mezani wakamsomea.

Msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu akumbuke kibaba na kimama cha utotoni. Wewe mama, mimi baba, huyu daktari, na kifuu cha nazi ndiyo sufuria. Raha hudumu mpaka pale mmoja anaposema, "Nimekupiga, umekufa," na mwenzake anajibu, "Hujanipiga!" Hapo mchezo huvunjika kwa ugomvi, maana hakuna mwamuzi. Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ni huo huo, ila umepata dawa ya ugomvi ule: kanuni, dadu, na mara nyingi mtu mmoja, mwendeshaji, anayeeleza dunia ilivyo na kuamua kinachotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake mmoja tu, na anasema huyo mhusika anafanya nini. Hakuna ubao wa lazima. Hadithi inajengwa kwa mdomo, na hakuna aliyepo anayejua itaishia wapi.

Wazo la mwamuzi Wesely alilipata maktabani. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota alikuta kitabu kikuukuu cha michezo ya vita, Strategos, kilichoandikwa karne ya 19 na Charles Totten, luteni wa jeshi la Marekani. Totten naye alifuata mkondo wa maofisa wa Prussia, ambao tangu miaka ya 1820 walifundishana vita kwa ramani na vipande vidogo. Kilichomvutia Wesely ni kwamba mchezaji aliruhusiwa kujaribu tendo lolote, hata lisilotajwa katika kanuni, na mwamuzi akaamua matokeo yake. Mlango huo ndio walioupitia wale wawili waliotaka kupigana.

Hata hivyo hakuuamini bado. Alipoandaa mchezo wa pili na wa tatu alibana kanuni ili vurugu isirudi, na wachezaji hawakuipenda michezo hiyo. Wa nne akauachia. Safari hii ilikuwa nchi ndogo ya kubuni ya Amerika ya Kusini, na kati ya wachezaji alikuwamo kijana aliyesoma historia, Dave Arneson, aliyepewa nafasi ya mwanamapinduzi mwanafunzi. Arneson alikuja na kitambulisho cha bandia mfukoni, akawashawishi wenzake kwamba yeye kwa kweli ni jasusi wa Marekani, na akaishia juu ya helikopta ya kubuni akiwamwagia watu wa mji vipeperushi vya mapinduzi. Kanuni za mambo hayo hakuna aliyekuwa ameziandika. Alishinda.

Mwaka 1970 Wesely, aliyekuwa ofisa wa akiba, aliitwa jeshini. Arneson akaushika usukani. Mwaka uliofuata aliwaalika wenzake kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake huko Saint Paul, ambako mezani walikuta ngome ya kuchezea ya zama za kati. Chini ya ngome hiyo, kwenye karatasi za Arneson, kulikuwa na mahandaki yaliyojaa mazimwi. Nchi yenyewe aliiita Blackmoor.

Katika chumba hicho kanuni zilizaliwa kwa namna ninayoiona kuwa nzuri kuliko sura yoyote nyingine ya habari hii. Mwanzoni Arneson alitumia taratibu za mapigano ambamo askari hupigwa mara moja na kufa. Kwa kikosi cha sanamu 20 hilo halina neno. Sanamu moja ikiondoka, zipo nyingine. Lakini hapa kila mtu alikuwa na mhusika mmoja, amempa jina, amemtafutia upanga mzuri, amemtoa salama kwenye handaki la juzi. Kumwona akifa kwa mrusho mmoja wa dadu kuliwauma wachezaji, nao walimwambia. Arneson alieleza baadaye kwamba aliliendea daftari lake la kanuni za vita vya manowari, ambamo meli hupigwa mara nyingi kabla ya kuzama, akachukua hesabu ile ya chuma na kuihamishia kwenye nyama na damu. Leo, mtoto yeyote anayecheza mchezo wa kompyuta na kuona mstari wa uhai wa shujaa wake ukipungua kidogo kidogo anaona matokeo ya malalamiko ya vijana wachache wa Saint Paul.

Kuna na lile la kasisi. Mchezaji mmoja, David Fant, mhusika wake aligeuka mnyonya damu, na kwa jinsi kanuni zilivyokuwa akapata nguvu zilizowalemea wenzake wote. Mbunifu mwingine angemfuta. Meza ile ilimtafutia mpinzani: Mike Carr akacheza kasisi mwenye uwezo wa kumkabili. Tangu hapo kasisi mwenye kuwafukuza wafu na kuwaponya walio hai amebaki katika michezo mingi ya aina hii. Hakuna aliyeketi peke yake akaamua kwamba mchezo unahitaji makasisi. Haja ilitokea, ikajibiwa jioni moja, na jibu likabaki.

Mwishoni mwa 1972 Arneson na mwenzake David Megarry walisafiri kwa gari hadi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, nyumbani kwa Gary Gygax. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima huko Chicago na alikuwa akishona viatu katika chumba cha chini cha nyumba yake. Alikuwa pia mmoja wa waandishi wa Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati zilizotoka 1971, ambazo Arneson alizitumia mwanzoni. Usiku ule Arneson aliwaongoza wenyeji ndani ya Blackmoor. Gygax alitaka kuziona kanuni. Alicholetewa baadaye ni kurasa zisizofika 20 za maelezo yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa akijikumbusha mwenyewe mambo anayoyajua, kwa sababu Arneson alibeba mchezo kichwani.

Gygax alikuwa mwandishi wa kasi. Ndani ya wiki chache alikuwa na rasimu ya kurasa kama 50, na waliotangulia kuijaribu ni watoto wake wawili, Ernie na Elise. Walishuka kwenye mahandaki aliyoyachora, wakapigana na wadudu wakubwa, na mwisho wakakuta sanduku la sarafu za shaba, nyingi mno kwa wao kuzibeba. Siku iliyofuata waliongezeka rafiki yake Don Kaye na ndugu wawili, Rob na Terry Kuntz. Wiki chache baadaye watu walikuwa wakibisha hodi mfululizo. Meza ikajaa kiasi kwamba Rob Kuntz, ambaye hata miaka 20 hakuwa ametimiza, aliombwa kuwa mwendeshaji wa pili. Wakati huo huo nakala za rasimu zilikuwa zimetumwa kwa posta kwa wapenzi wa michezo ya vita sehemu nyingine za nchi, nao walijibu kwa maswali. Mwaka mzima wa 1973 ulipita hivyo. Rasimu ikanenepa, na kila unene uliongezwa na swali la mtu.

Kwa kuwa hawakuona kampuni ya kuuchapisha kwa namna waliyoitaka, Gygax na Kaye walianzisha yao Oktoba 1973, na Brian Blume akaingia na fedha za uchapaji. Dungeons & Dragons ikatoka Januari 1974: vijitabu 3 ndani ya sanduku, nakala 1,000, dola 10 kila moja, wakizipanga kwa mikono yao wenyewe nyumbani. Leo neno "huru" hutumika kuutofautisha mchezo wa mbunifu mdogo na ule wa kampuni kubwa, na Dungeons & Dragons ndiyo hutolewa mfano wa ukubwa. Nakala 1,000 zile za kwanza zilikuwa huru kama chochote kilichofuata.

Lakini sanduku lilikuwa na dosari, na ilitokana na wingi wa majaribio yenyewe. Wengi walioujaribu mchezo walifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyekaa na Arneson. Waliojua kucheza hawakuhitaji kitabu, na waliohitaji kitabu hawakuelewa. Aliyelipata sanduku mbali na Wisconsin, bila mwalimu, alikuta majedwali, vifupisho, na maelekezo ya kutafuta vitabu vingine ambavyo hakuwa navyo. Ken St. Andre, mkutubi wa Phoenix, Arizona, alikuwa mmoja wa watu kama hao. Mwaka 1975 aliusoma mchezo huo kwa rafiki, akalipenda wazo, akakatishwa tamaa na kanuni. Dadu zile za ajabu zenye pande nyingi pia hakuwa nazo. Basi akatunga kanuni zake kwa dadu za kawaida za pande 6, akawachezesha rafiki zake, na akachapisha nakala 100 kwa fedha yake kwenye kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu. Akauita Tunnels & Trolls. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Lee Gold wa Los Angeles alianza kukusanya na kusambaza Alarums & Excursions, jarida la wachezaji ambamo kila mchangiaji alileta kurasa zake: nimebadilisha hiki, kwetu kile hakikufaa, jana mezani kulitokea hivi. Liliendelea kwa miongo.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Kampuni zilikua, zikashtakiana, zikafilisika, zikanunuliwa. Arneson mwenyewe aliishtaki kampuni ya Gygax mwaka 1979 kudai haki yake ya uandishi. Gygax naye aliondolewa kwenye kampuni aliyoianzisha, na mwaka 1997 ikauzwa kwa Wizards of the Coast. Wabunifu wengi waliandika vitabu vizuri ambavyo si mali yao.

Hilo ndilo lililomkera Ron Edwards, mwanabiolojia wa Chicago. Mwaka 1996 alianza kuusambaza mchezo wake Sorcerer kwa barua pepe: usome, uucheze, ukikupendeza unitumie dola chache. Wahusika wake ni watu wanaofunga mapatano na mashetani, na kila uwezo wanaoupata unadai malipo kwa utu wao. Nakala ya kuchapwa ilitoka 2001. Kwake yeye mchezo huru haukumaanisha mchezo mdogo wala wa kimaskini. Ulimaanisha kwamba aliyeubuni ndiye mwenye mali na ndiye mwenye kauli. Akiwa na Clinton R. Nixon, alifungua katika intaneti ukumbi ulioitwa The Forge, uliodumu hadi 2012.

Wengi wanaukumbuka ukumbi ule kwa nadharia zake na kwa ukali wa mabishano. Mimi nauthamini zaidi kwa desturi nyingine: mtu alihimizwa kusimulia kilichotokea mezani kwa kweli. Nani alikuwapo, nani alisema nini, dadu zilirushwa lini, wapi watu walichoka, wapi walisisimka. Ukija na dai kwamba kanuni fulani ni nzuri, uliombwa uoneshe usiku ilipofanya kazi. Edwards alikuwa ameandika kwamba kanuni zina uzito, kwamba haitoshi kusema mwendeshaji hodari huufanya mchezo wowote uwe mtamu. Kauli hiyo inaweza kusikika ya kawaida leo. Wakati ule iliwaambia mamia ya watu kwamba mchezo ukiwachosha, kosa huenda si lao.

Kutokana na desturi hiyo vilitoka vitu ambavyo kampuni kubwa zisingethubutu kuvigusa. Paul Czege, mwaka 2003, alitoa My Life with Master, ambamo wachezaji ni watumwa wa bwana katili anayeutesa mji wa Ulaya ya kati, na mchezo huisha pale mmoja wao anapopata upendo wa kutosha kumpinga. Jason Morningstar wa North Carolina alitoa Fiasco mwaka 2009, mchezo usio na mwendeshaji kabisa, kuhusu watu wa kawaida wenye tamaa kubwa na busara ndogo. Jioni moja inatosha kuwaangamiza wote. Uchapaji wa nakala chache kwa oda ulikuwa umerahisishwa, na kwenye mkutano wa Gen Con wabunifu hawa walishirikiana banda moja. Mkutano huo Gygax ndiye aliyeuanzisha, Lake Geneva, mwaka 1968.

Katika majaribio yao walikuja kutambua kile kilichomsumbua St. Andre. Kukaa na marafiki ukawaendesha mwenyewe si jaribio kamili, kwa sababu unaziba mapengo ya kitabu bila kujua. Unajua ulichomaanisha, sauti yako inadokeza, mkono wako unarekebisha. Jaribio linalouma ni la kuwapa maandishi watu usiowajua, wakacheza nawe hupo, kisha wakakuandikia. Majibu yao mara nyingi yanasema kwamba ukurasa ulioupenda kuliko yote waliuruka, na kwamba walicheza kinyume na ulivyotaka wakafurahi. Hapo kuna uamuzi mgumu. Je, wamekosea, au wamekuonesha mchezo ulio bora kuliko wako? Wesely, kwenye mchezo wa pili na wa tatu, aliamua wamekosea.

Vincent Baker wa Massachusetts alilikamata tatizo hilo kwa pembe. Mwaka 2004 alitoa Dogs in the Vineyard, kuhusu vijana wa dini wanaozunguka miji ya mipakani wakiamua nani mwenye dhambi, ambamo mchezaji anayekaribia kushindwa kwa maneno anaweza kuendelea kwa ngumi, na anayekaribia kushindwa kwa ngumi anaweza kutoa bastola, na kila mara lazima ajiulize kama jambo hilo lina thamani hiyo. Mwaka 2010, pamoja na mkewe Meguey Baker, alitoa Apocalypse World. Ukirusha dadu 2 za kawaida na kuongeza uwezo wa mhusika wako, 10 au zaidi umefanikiwa. Kati ya 7 na 9 umefanikiwa lakini kuna gharama au uchaguzi mchungu. 6 au pungufu, jiandae kwa mabaya.

Hesabu ile ya kati ndiyo iliyosifiwa na wengi, kwa haki. Ila kwangu kazi kubwa imo kwenye kurasa za mwendeshaji. Tangu chumba cha pembeni cha Braunstein, kile alichokifanya mwamuzi kilikuwa ufundi wa kurithishana: ukimwona mtu akifanya, unajifunza. Vitabu vilimpa mazimwi na majedwali, kisha vikamtakia heri. Kina Baker waliandika kazi yake kama kanuni: lengo lako ni hili, misingi yako ni hii, na zamu ikikufikia, haya ndiyo unayoruhusiwa kufanya, mojawapo, sasa hivi. Mtu aliyeko mbali na Massachusetts, asiye na mwalimu, angeweza kukifungua kitabu na kuanza.

Nao walianza. Wabunifu wengine waliruhusiwa kuuchukua mfumo ule na kujenga juu yake, na hawakukawia. Mwaka 2012 Avery Alder aligeuza mifupa ile kuwa Monsterhearts, kuhusu vijana wa shule ambao ni mazimwi na wanapendana vibaya. Mwaka huo huo ikatoka Dungeon World, iliyorudi kwenye mahandaki ya Arneson kwa njia nyingine. John Harper, katika Blades in the Dark, aliwapa waliomchangia fedha mwaka 2015 kanuni za awali wacheze wakati yeye akiendelea kuandika. Kitabu kilikamilika 2017. Kampuni ya Evil Hat ilikuwa imefanya hivyo na Fate Core, ambayo zaidi ya watu 10,000 waliichangia zaidi ya dola 400,000: ukichangia, unapewa rasimu. Hata wenye Dungeons & Dragons walifungua mlango Mei 2012, na toleo lililotoka 2014 lilishukuru katika ukurasa wake wa majina zaidi ya wapenzi 175,000 walioujaribu. Ukurasa wa kitabu hauwezi kuwabeba wote kwa majina. Ukilinganisha na Ernie na Elise, ni meza ndefu sana.

Gygax alifariki Machi 2008, Arneson Aprili 2009. Wesely alirudi kutoka jeshini, na hata katika uzee wake aliendelea kuiendesha Braunstein kwenye mikutano ya wachezaji. Miongoni mwa wanaoketi humo wamo watu waliozaliwa baada ya sanduku la 1974, wengine wakiwa wabunifu wenyewe, na mmoja anapewa kuwa meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake ya siri.